Mwacheni Amlilie Mbuzi Wake

Kutoka Ng'ombeni hadi Vanga, mbuzi wa mtoto akifa ghafla maneno yanayosemwa ni yale yale. "Ni mbuzi tu." "Si angechinjwa vyovyote?" "Shukuru imekwenda mali, nafsi ipo." "Nyamaza, tutakununulia mwingine." Mtoto aliyemlea mbuzi huyo kwa chupa tangu mbuzi alipofiwa na mamake anapanguswa machozi kwa pindo la leso na kutumwa dukani. Akirudi anakuta mzoga umeshaburutwa kichakani. Habari imekwisha. Watu wazima hurudi kwenye shughuli zao wakiamini wamemfunza subira.

Mimi nasema wamemfunza kutouliza. Na kwa watu tunaofuga uani, mbuzi akilala hatua chache kutoka kwenye mlango wa jikoni, kutouliza ni jambo la gharama kubwa, tena gharama yenyewe hailipwi na mbuzi peke yake.

Ninaobishana nao si watu wakatili. Wengi ni bibi na babu zetu, waliozika watoto wa tumboni mwao, na wakisema mbuzi si mtu wanajua wanachokisema. Sijasema mbuzi ni mtu. Hakuna anayedai atandikiwe jamvi la matanga. Ninachokikataa ni ile haraka: haraka ya kumnyamazisha mtoto na haraka ya kuutupa mzoga, ambazo kila ninapozichunguza naziona ni haraka moja.

Hoja yao iliyo nzito ni ya umaskini. Wanasema kumlilia mbuzi mmoja ni anasa ya wenye nafasi. Wanakutajia Kinango, Samburu, Mackinnon Road, pande zote za bara za Kwale, ambako ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 uliburuta hadi 2023 na mifugo ikafa kwa makundi. Huko, wanauliza, nani alikuwa na muda wa kumlilia mmoja mmoja?

Nendeni mkawaulize. Kaa na mzee wa Kiduruma aliyepoteza kundi lake, usiwe na papara, naye atakuhesabia. Atakwambia yule mweupe mwenye sikio lililochanika alianguka wa kwanza, yule wa mabaka mekundu alitangulia kuzaa kisha akashindwa kusimama, na beberu alifia njiani kuelekea lambo. Ana rangi zao, uzao wao na siku zao. Mfugaji wa kweli hana mbuzi wa jumla. Sisi wa upande wa lami, wenye mbuzi watatu nyuma ya nyumba na mshahara wa hoteli au duka la M-Pesa, ndio tuliojifunza kusema "ni mbuzi tu", halafu tunamsingizia maskini wa Kinango kwamba ndiyo falsafa yake.

Tena hao wanaosema ni mali tu, hata kama mali hawamtendei. Pikipiki ikizima ghafla pale stendi ya Ukunda, fundi ameshachuchumaa, anafungua plagi, ananusa mafuta, anauliza ilizimaje na ilikuwa imebeba nini, maana asipojua kilichoizima leo itazima tena kesho. Mbuzi wa maelfu ya shilingi akizima ghafla, hakuna anayefungua wala kunusa kitu. Anavutwa mguu, anatupwa. Mali gani hiyo inayopotea bila mwenyewe kutaka kujua imepoteaje?

Kisa kimoja nilikiona kwa karibu Msambweni, kwa jirani. Kulikuwa na harusi mtaani, na kama ilivyo kwetu, jioni masinia yalirudi na pilau lisiloisha, masufuria yakabaki na ukoko, na kwenye kibuyu kulikuwa na machicha ya nazi. Mtoto wa nyumba hiyo, wa darasa la tatu hivi, alikuwa na mbuzi wake jike aliyeitwa Madoa, mnene, mjuzi wa kuingia hadi ukumbini kudai maganda ya ndizi. Kwa mapenzi yake yote yule mtoto akamkusanyia karamu: pilau, ukoko, machicha, na pumba za mahindi juu yake. Madoa alikula kwa furaha. Usiku alisikika akisaga meno. Alfajiri alikutwa amelala ubavu, tumbo limejaa upande wa kushoto, kichwa kimepinda nyuma, miguu ikikanyaga hewa. Kabla ya chai alikuwa amekufa.

Maneno yakaanza. Shangazi mmoja akasema ni jicho, kwa kuwa wageni wa harusi walimsifu sana yule mbuzi kwa unene wake. Mwingine akasema ni kheri, shari ilikuwa inamwendea bibi harusi ikamkuta mnyama. Baba mwenye nyumba akataka mzoga uondolewe kabla haujaanza kunuka. Mtoto alikuwa ameketi kwenye kizingiti, ameshika ile kamba, hasemi. Akatokea mjomba mmoja, mtu aliyewahi kufanya kazi ya kuchanja mifugo, akachutama mbele ya mtoto, si mbele ya mzoga, akamuuliza: "Baba, jana alikula nini?"

Hilo ndilo swali. Na waliokuwapo wengi walikereka nalo, wakaona mjomba anamtonesha mtoto kidonda.

Elimu iliyo nyuma ya swali lile ni ya kawaida kabisa, na ingepaswa kujulikana katika kila nyumba yenye mbuzi. Tumbo kubwa la mbuzi, lile la kushoto, limejaa vijidudu vilivyozoea majani. Ukimmiminia wanga mwingi kwa ghafla, wali, ugali, mahindi, pumba, vijidudu vya aina nyingine huamka, tumbo likageuka kuwa tindikali, gesi ikajaa, mnyama akapungukiwa na maji ndani kwa ndani. Juu ya hapo kuna bakteria wa jamii ya klostridia ambao huishi utumboni mwa mbuzi mzima bila kumdhuru. Wakipata wanga huo huzaliana kwa kasi na kutoa sumu inayopenya damu, ikaenda kwenye ubongo na figo. Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba huwachagua wale walionona, wanaopendwa, wanaolishwa kwa mkono. Mbuzi aliyekondeana huko malishoni anauepuka. Kwa hiyo wale wageni wa harusi waliousifu unene wa Madoa hawakumtia jicho. Walikuwa wanaeleza, bila kujua, kwa nini hatari ilikuwa yake kuliko ya mwingine yeyote zizini.

Hapo wapinzani wangu hunijia juu. "Sasa umemwambia mtoto kwamba yeye ndiye aliyemuua mbuzi wake. Si afadhali angebaki na jicho?"

La. Mtoto anayefuga alishajiuliza tangu alfajiri. Watoto wana tabia hiyo ya kujitwika lawama, na lawama isiyosemwa haipungui. Hukua. Yule aliyeachwa bila jibu ataamini kwamba alimuua kwa sababu alimfunga kamba fupi, au alimpiga juzi alipokula daftari, au alichelewa kuswali. Akielezwa jambo lenyewe anapata lawama ya kipimo chake: hukujua, hakuna aliyekufundisha, sasa unajua, na wali haupewi mbuzi kwa sinia. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, na mtoto aliyenyamazishwa ndiye mwenye kovu hilo. Mjomba yule alimfanya alie kwa sauti, kweli. Nilimsikia. Lakini kilio kile kilikuwa na mwisho, na mchana huo huo mtoto alikuwa akimkataza mdogo wake kuwapa mbuzi waliobaki ukoko.

Jambo la muhogo ni la aina hiyo hiyo, na ni la kwetu zaidi. Pwani ya kusini tunakula muhogo, tunaupanda kila mahali, na maganda na majani yake tunawatupia mbuzi bila kufikiri mara mbili. Hata aina tamu kama kibandameno, ambayo mtu huila mbichi shambani, ina sumu ya sianidi zaidi kwenye ganda na majani kuliko kwenye nyama yake, na mmea uliopigwa na kiangazi huwa na sumu nyingi kuliko ulionyeshewa. Mbuzi mwenye njaa akifakamia rundo la maganda mabichi au majani, huanza kuhema, huyumba, huanguka, na huweza kufa ndani ya saa moja, damu yake ikiwa nyekundu ya kung'aa. Ukiyakatakata na kuyaanika juani vizuri, sumu kubwa huondoka. Nyumba ngapi zimepoteza mbuzi hivyo zikalaumu jirani? Hapo ndipo mambo yanapogeuka kuwa mabaya, kwa sababu katika kaunti hii na jirani yetu Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na tuhuma hizo haziangukii watu kutoka mbinguni. Huanza na vifo vidogo visivyo na maelezo. Mtoto kaugua, ng'ombe kakauka maziwa, mbuzi kafa usiku. "Ni mbuzi tu" na "karogwa" huonekana ni kauli mbili zinazopingana, moja ya mtu asiyejali na nyingine ya mtu anayejali kupita kiasi. Zote mbili zimetoka kwa watu ambao hawakuuliza mbuzi alikula nini.

Na kuna haraka nyingine, ya kisu. Mbuzi akionekana anakata roho, mtu hupiga kelele: mwahini kabla hajawa kibudu! Kisu kinaletwa, bismillahi inasomwa mbio mbio, nyama inagawiwa. Sheria ya dini inaangalia uhai wakati wa kisu, na fukaha wana maelezo yao juu ya hilo ambayo siyaingilii. Lakini halali ya kuchinja haiondoi kimeta. Mnyama wa kimeta huweza kufa bila kuonyesha dalili hata siku moja, huvimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda humtoka puani, mdomoni au nyuma. Kumpasua ni kuitoa hewani ile mbegu ya ugonjwa, nayo ikishaingia kwenye udongo hukaa miongo. Watu huugua kwa kuchuna, kwa kukatakata, kwa kula. Mbuzi aliyekufa hivyo hapasuliwi na mtu wa kawaida, hachunwi, hatupwi. Anazikwa kwenye shimo refu lenye chokaa au anachomwa, na daktari wa mifugo anaitwa kwanza. Sheria ya Kenya ya magonjwa ya wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama atoe taarifa kwa magonjwa ya namna hiyo. Ni wangapi kati yetu tunaojua hata kwamba sheria hiyo ipo? Tumezoea kwamba taarifa hutolewa kwa kifo cha mtu.

Wanaodhani natia chumvi wakumbuke homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa humu humu Kenya, karibu na Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilipofurika kaskazini mashariki, mbu wakazagaa, mbuzi na kondoo wakaharibu mimba kwa wingi na wachanga wao wakafa. Wafugaji waliona. Baadaye watafiti walipowahoji ilibainika kwamba vifo hivyo vya mifugo vilitangulia ugonjwa wa watu kwa wiki mbili au zaidi. Wiki mbili! Kufikia mapema 2007 zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa nchini. Habari ilikuwa imeshaletwa zizini, na aliyeileta alikuwa mwana wa mbuzi. Anayeniambia kifo cha mbuzi mchanga si habari, aniambie pia angetaka habari ile imfikie kwa njia ipi.

Sasa niingie kwenye dini, kwa sababu Kwale ya pwani ni nchi ya misikiti na vyuo, na hoja ya "ni mbuzi tu" hupenda kuvaa kanzu. Husemwa kwamba kumlilia mnyama ni udhaifu wa imani. Anayesema hivyo anisaidie na habari ya Abu Umair. Alikuwa mtoto mdogo mjini Madina, ndugu wa Anas bin Malik kwa mama, na alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Yule ndege alikufa. Mtume (S.A.W.) alipoitembelea nyumba ile akamkuta mtoto amenyong'onyea, akauliza ana nini, akaambiwa. Akamgeukia mtoto mwenyewe, akamwita kwa jina la heshima kama aitwavyo mtu mzima, akamuuliza habari za ndege wake. Hakumwambia nyamaza. Hakumwambia ni ndege. Hakuahidi mwingine. Hadithi hii haikuokotwa pembezoni, imo katika Bukhari na Muslim, na kile kipande cha ndege kufa kimo kwa Abu Daud. Mwanazuoni wa madhehebu yetu haya haya ya Shafi'i, Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka wa 335 Hijria, aliiandikia kijitabu kizima na kuchimbua humo faida zaidi ya 60. Sitini na zaidi, katika mazungumzo ya mtu mzima na mtoto kuhusu ndege aliyekufa! Na sisi tunaosoma madhehebu yake tunashindwa kumpa mtoto wa Msambweni hata dakika tano.

Kuna na hadithi ya kondoo aliyepewa sadaka mtumwa aliyeachwa huru wa Bibi Maimuna, mkewe Mtume. Kondoo alikufa, wakamwacha hivyo hivyo, na Mtume alipopita akahoji kwa nini hawakuitumia ngozi yake kwa kuidabighi. Waliposema ni mfu, akawajulisha kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Wenye kupenda kutupa mizoga kichakani waisome hiyo pia. Mafunzo yake si kwamba kila mfu achunwe, na nimeshasema ya kimeta. Ni kwamba hata aliyekufa hastahili kupuuzwa tu akaachwa.

Hoja iliyobaki ni ya uzungu. "Hayo ya kulilia wanyama ni ya Diani," wananiambia, wakimaanisha barabara ya mahoteli. Ni kweli Diani mbega akigongwa na gari kuna watu wa Colobus Conservation wa kuitwa, wanaokuja na kumtibu, na juu ya barabara wametundika ngazi za kamba ili mbega wavuke bila kukanyaga lami. Shirika hilo lilianzishwa mwaka wa 1997. Sina kinyongo nao. Mbega wa Diani ni wachache na msitu wao unaliwa na viwanja kila mwaka. Lakini mtoto wa Mwabungo au Gazi anayeona mbega wa msituni akipewa machela, kisha mbuzi wake wa nyumbani akiburutwa mguu, anajifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kumpa: kwamba mnyama huwa na thamani akiwa na mgeni wa kumtazama.

Na hao wageni wenyewe si wote wanaolia. Mwaka wa 2022, wilaya ya Shasta huko California, binti wa miaka tisa alimlea mbuzi aitwaye Cedar kwa ajili ya mnada wa maonyesho ya kilimo. Siku ilipofika akashindwa kumtoa, na familia yake ikajitolea kulipa gharama zote. Waandaaji wakakataa. Maafisa wa polisi wa wilaya wakaendesha gari mamia ya maili kumfuata mbuzi mmoja, wakamchukua, naye akachinjwa. Kesi ikafunguliwa, na mwaka wa 2024 wilaya hiyo ikakubali kulipa dola 300,000. Kwa hiyo "ni mbuzi tu" inasemwa na Wamarekani pia, tena wakiwa na bastola kiunoni. Suala hili halina uzungu wala uswahili. Kila mahali kuna watoto wanaopenda mnyama mmoja kati ya wengi na watu wazima wanaoona aibu kwa niaba yao.

"Lakini angechinjwa vyovyote." Hii ndiyo husemwa kwa kujiamini zaidi, na ndiyo dhaifu zaidi. Mbuzi wa Idd ana siku yake, inajulikana. Kisu kinanolewa mbali asikione, hachinjwi mwenzake mbele ya macho yake, anaelekezwa kibla, anatajiwa jina la Mola, na nyama ina wenyewe: jamaa, jirani, fakiri. Mtoto aliyeshika kamba asubuhi ile ameona kwamba kifo cha mbuzi wake kina sababu na kina wa kushukuru. Yule aliyefungua mlango alfajiri akakuta mzoga hakupewa lolote kati ya hayo. Kusema vifo hivi viwili ni kimoja ni kuudharau uchinjaji wenyewe, na nashangaa wanaosema hivyo hujiona ndio watetezi wa mila.

Ninachokitaka si kikubwa. Mtoto aachwe alie, mbele za watu, siku ile. Aulizwe maswali ya mwenye mbuzi, kwa sababu yeye ndiye anayejua: alikula wapi, alikunywa nini, alianza kuhema saa ngapi, kuna mwingine zizini aliyezubaa, kupe walikuwa wengi masikioni. Mara nyingi hakuna mtu mzima nyumbani anayeyajua majibu hayo. Asiguse damu. Mbuzi akizikwa, yeye achague mahali ikiwa daktari hajazuia. Kazi ya afya ya mifugo imo mikononi mwa kaunti kwa Katiba ya 2010, na simu kwa afisa wa mifugo wa wadi ipigwe kabla ya shimo kuchimbwa. Najua jibu: afisa ni mmoja, mafuta ya pikipiki hana, atafika kesho kutwa. Kweli, na wafugaji wa kaunti hii hawajaacha kulilalamikia. Lakini afisa asiyeitwa kamwe hana cha kuandika, na ofisi isiyo na maandishi ya vifo haina hoja ya kudai chanjo wala maafisa zaidi. Maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo ipo Mariakani, mpakani mwetu. Chanjo za homa ya mapafu ya mbuzi na ya sotoka ya mbuzi na kondoo zinatengenezwa humu humu nchini na taasisi ya chanjo za mifugo, KEVEVAPI. Sotoka hiyo iliingia Kenya mwaka wa 2006 kupitia Turkana, na dunia imejiwekea lengo la kuifuta kabisa kufikia 2030, kama ilivyofutwa ile ya ng'ombe na kutangazwa mwaka wa 2011. Ile ya ng'ombe haikufutwa na watu waliokuwa wakitupa mizoga vichakani. Walihesabu kila kifo, wakakifuata.

Limebaki lile la "tutakununulia mwingine", nalo husemwa kwa wema, kwa hiyo nitalijibu bila ukali. Msimnunulie upesi. Kama kilichomuua wa kwanza ni kitu cha zizini, kupe, udongo, rundo la maganda pembeni ya jiko, wa pili mnamleta kukutana nacho, na mtoto atazika mara mbili kabla ya muhula kwisha. Banda lifagiliwe, samadi ya zamani itolewe, vyombo vioshwe, majibu ya daktari yasubiriwe kama yapo. Kisha mtoto aulizwe kama anataka mwingine. Huenda hataki. Huenda anataka kuku, au anataka kukaa bila kitu. Na ikiwa huyo wa pili ananunuliwa kwa ajili ya Idd, mtoto aambiwe hivyo siku ile ile mbuzi anaposhushwa kutoka kwenye boda, kabla hajampa jina.